Duara Kwenye Kokoto

Mnaonifuata tangu mwanzo mmeshanizoea. Kila wiki nawaletea balaa jipya, na kila wiki naapa kwamba hili ndilo la mwisho. Leo siapi.

Kwa anayenikuta njiani, nimfupishie. Mimi ni muuza spea, miaka arobaini na sita, mke wangu aliondoka na binti yetu, na nimebaki kwenye vyumba viwili vyenye viti vinne ambavyo kimoja tu ndicho kimechakaa. Siku yangu ya kuwa mtu ni Jumamosi alasiri. Tunakutana nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, sisi wapenzi wa magari ya mbio yanayovuta kwa magurudumu yote manne, tunabishana mpaka sauti zikauke. Huko naitwa Profesa.

Profesa hana gari. Hajawahi kuwa nalo. Hilo niliwaungamia nyinyi wiki ya pili, lakini wenzangu wa Jumamosi wanajua langu liko gereji, linasubiri spea kutoka nje. Limesubiri miaka sita.

Wiki iliyopita niliwaeleza la tairi. Rafiki yetu tunayemwita Kimya alisafiri miezi mitatu kutibiwa macho, akaniachia gari lake, Buluu, niwe naliwasha lisilale. Mimi nikalitia barabarani saa nne nzima kwenda kumwona binti yangu, ili kwa mara moja anione nikifika kama baba za wenzake. Njiani tairi moja ikachanika.

Gari la namna ile linataka tairi nne zilizolika sawasawa. Ukifunga moja mpya na tatu kuukuu, ile mpya ni kubwa kidogo, haizunguki sawa na wenzake, na difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma hupigana nayo njia nzima mpaka iungue. Somo hilo nalifundisha mimi. Nimelifundisha mpaka watu wakaomba nipumzike. Na bado nikafunga moja mpya, kwa sababu duka lile la njiani lilikuwa na moja tu, na binti yangu alikuwa amesimama getini ananisubiri.

Alikaa ndani ya gari dakika kumi. Akauliza, "Baba, hili ni lako?" Nikasema ndiyo.

Wakati wa kurudi Buluu likaanza kunuka mafuta yaliyoungua na kukaza kwenye kila kona. Nilipofika nikatafuta tairi kuukuu inayofanana na zile tatu, nikaifunga, na ile mpya nikaisukuma chini ya kitanda changu. Hapo ndipo nilipowaachia.

Sasa sikieni ya wiki hii.

Jumatano, nikiwa dukani, simu ikaita.

"Profesa."

"Kimya! Umerudi?"

"Juzi."

Ukiongea na Kimya lazima uwe na subira. Nikasubiri, huku mteja akinigongea meza na chujio la mafuta.

"Macho yamekataa," akasema. "Naona mwanga na vivuli. Daktari amesema nisishike usukani tena."

Nitawaambia jambo ambalo sikupenda kulijua juu yangu. Kabla sijamwonea huruma, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba haoni. Hataona tairi.

"Pole sana, ndugu yangu," nikasema, na nilimaanisha, ila nilichelewa kidogo.

"Buluu naliuza. Lakini nataka libaki humu humu kwetu. Likienda mbali ndiyo basi. Likibaki kwa mmoja wetu, Jumamosi nitakuwa nalisikia likiingia."

"Nani analitaka?"

"Mkunga. Amesema hahitaji fundi. Profesa akisema ni zima, analichukua."

Nikamwambia sawa. Nikakata simu, nikamuuzia yule mteja chujio ambalo si lake, akarudi baadaye kunitolea maneno.

Usiku wa Jumatano sikulala, na wa Alhamisi vivyo hivyo. Chumba kizima kilinuka mpira mpya. Mara tatu nilishika simu nimpigie Kimya nimwambie yote. Mara tatu nikaiweka.

Msinione mnyama. Nilijua la kufanya. Tatizo ni kwamba nikisema, Jumamosi inaniondoka, na Jumamosi ikiniondoka nabaki na siku sita za kuwaambia watu "hiyo imekwisha, jaribu wiki ijayo." Nyumbani hakuna anayeniuliza kitu. Nimewahi kukaa tangu Jumapili asubuhi mpaka Jumatatu bila kusikia sauti yangu mwenyewe, nikaja kumsalimia mlinzi wa dukani nikakohoa kwanza.

Jumamosi asubuhi binti yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Sikuufungua. Nina mtindo wangu: sauti yake naiweka mpaka jioni, nachemsha chai, nakaa kwenye kile kiti kilichochakaa, nasikiliza mara mbili. Jioni za Jumamosi ni ndefu baada ya kelele za mchana. Nikatia simu mfukoni, nikaenda kulichukua Buluu.

Nilipofika uwanjani ubishi ulikuwa umeshachemka. Uwanja wetu nusu ni sakafu ya saruji, pale yanapooshewa magari, na nusu ni kokoto. Kumbukeni hilo.

Kinyozi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Yeye ana gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na imani yake haitikisiki.

"Dereva anayejua kazi anahitaji magurudumu mawili," alikuwa anasema. "Hayo mengine mawili ni ya waoga."

"Njoo na hayo mawili yako nikupeleke kule milimani ninakokwenda kuzalisha, mvua ikiwa imepiga siku tatu," Mkunga akamjibu. Ndiye mwanamke pekee katika kundi letu, na ndiye anayekanyaga mafuta kuliko wote. "Nitakuacha huko na mashine yako, unyoe tope."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Sawa, cheka," Kinyozi akasema. "Lakini niambie, gari la miaka ishirini na mbili, bei yake karibu na jipya. Kwa nini? Unanunua chuma au unanunua sifa?"

"Nanunua kitu ambacho hakijaguswa. Injini ni ile ile ya kiwandani. Gia boksi ile ile. Difu zote tatu zile zile. Siku hizi ukitafuta magari haya unapata yaliyochokonolewa na kila fundi, leo turbo kubwa, kesho kompyuta ya kubahatisha. Hili limepata mwenyewe mmoja, mtu mzima, mpole."

"Kwa hiyo unalipia upole wa Kimya."

"Ndiyo. Upole una bei. Si kweli, Profesa?"

Wakanigeukia wote. Hapo kwa kawaida nachukua nusu saa. Naanza na difu, napita kwenye turbo, nawagonganisha Wajapani na Wajerumani, namalizia kwa kumtukana Kinyozi kistaarabu.

"Ni kweli," nikasema.

Kinyozi akainuka kwenye ndoo. "Jamani! Profesa kajibu kwa maneno mawili. Mkunga, mpime joto huyu."

Wakacheka tena. Mimi nikachezesha funguo mkononi.

Kimya akaletwa na teksi. Alishuka taratibu, miwani myeusi usoni, mkono umetangulia mbele. Akatembea mpaka vidole vyake vikagusa boneti ya Buluu, akaupitisha mkono polepole mpaka kwenye kioo cha pembeni.

"Umelitunza," akasema.

Sikujibu. Akadhani nimepandwa na huruma, akanipapasa begani.

Mkunga akamsogelea. "Mzee wangu, mimi sina maneno mengi, unanijua. Nikwambie tu kwa nini nalitaka." Akashusha sauti, lakini tulimsikia. "Masika yaliyopita nilikwama mlimani na kile kigari changu. Nilifika nimechelewa saa mbili. Mama nilimkuta mzima. Mtoto hakuwa."

Akageuka akalitazama Buluu.

"Sitaki kuchelewa tena," akasema. "Basi. Ndiyo sababu yangu."

Wasomaji wangu, hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilifungua hata mdomo.

"Haya, tufanye Duara la Profesa tumalize," Mkunga akasema, akajipangusa uso.

Duara la Profesa ni langu. Nililianzisha mimi, na wenzangu wakalipa jina. Ukitaka kujua kama difu ya katikati imekufa, huhitaji fundi wala jeki. Liweke gari kwenye saruji kavu, zima redio, fungua madirisha, kata stelingi mpaka mwisho, uzunguke polepole kwa gia ya kwanza. Difu ikiwa nzima, gari linazunguka kimya. Ikiwa imekufa, tairi zinalia, gari linaruka na kukaza kama mtu anayeburutwa asipotaka kwenda. Linataka saruji, kwa sababu saruji inaishika tairi. Kwenye kokoto tairi zinateleza zenyewe, na ugonjwa haujitokezi.

Na nani anajua siri hiyo ya kokoto kuliko mimi?

"Saruji ina sabuni," nikasikia sauti yangu ikisema. "Wamemaliza kuosha sasa hivi. Tutateleza tugonge ukuta. Tufanyie kwenye kokoto."

Kinyozi akakunja uso. "Si wewe uliyesema duara la kwenye kokoto ni la bure?"

"Nilisema kokoto kubwa. Hizi ni ndogo."

Upuuzi mtupu. Lakini mtu akishaitwa Profesa miaka sita, hata upuuzi wake unaandikwa. Kinyozi akatikisa kichwa kama aliyejifunza kitu, akasogeza ndoo yake.

"Nitapanda," Kimya akasema.

Alikaa kiti cha abiria, akafunga mkanda, akaweka mikono juu ya mapaja. Nikakata stelingi mpaka mwisho. Nikazunguka. Kokoto zikachakarika chini yetu, tairi zikateleza kidogo kidogo, na Buluu likazunguka lote, mara moja, mara mbili, laini. Kwenye kiti nilihisi mtetemo mdogo. Nje hakuna aliyeuona.

Wakapiga makofi. Mkunga akainama dirishani, macho yanang'aa.

"Nimelipenda. Ngoja nilete karatasi tuandikishane, Kinyozi awe shahidi. Profesa, Mungu akuweke."

Akaenda kwenye gari lake. Wengine wakamfuata, kila mmoja akimshauri jambo lake. Tukabaki wawili, injini ikinguruma taratibu.

"Tulikuwa kwenye kokoto," Kimya akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Saruji ina sabuni."

"Nimeshuka kwenye teksi, nikaikanyaga saruji hatua kumi na mbili. Ni kavu." Akanigeuzia uso. "Macho yangu ndiyo yamekufa, Profesa. Makalio yangu bado yanaona."

Akaingiza mkono mfukoni mwa shati akatoa kitu, akakifungua kiganja. Kilikuwa kibanio cha nywele, cha rangi ya njano.

"Kilikuwa kwenye ufa wa kiti, nimekigusa nilipokuwa natafuta mkanda. Una mtoto wa kike?"

"Ninaye."

"Alikaa hapa nilipokaa?"

"Dakika kumi."

"Alifurahi?"

Ningeweza kuvumilia matusi. Swali lile sikulitegemea.

"Alifurahi sana," nikasema.

"Vizuri." Akageuza uso mbele, kana kwamba anaitazama barabara. "Najua huna gari."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Mtu mwenye gari gereji hamalizi wiki bila kumtukana fundi. Wewe miaka sita hujawahi kumtukana fundi wako hata siku moja."

Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

"Wengine wanajua?"

"Sijawaambia. Kila mtu ana lake. Mimi nilikuja hapa mke wangu alipofariki, kwa sababu nyinyi mnaongea sana na mimi sikutaka kuongea." Akapapasa dashibodi kwa kidole. "Unadhani nilikuachia Buluu uliwashe tu? Jirani yangu angeweza kuliwasha. Nilitaka ulitembeze. Ungeniuliza tu, ningekwambia nenda popote unapotaka, mchukue mtoto wako mzunguke naye mpaka mchoke."

Nilishika stelingi kwa mikono miwili. Miezi mitatu nilijificha na gari ambalo nilikuwa nimepewa.

"Kimya," nikasema, "kuna jambo la tairi."

"Usiniambie mimi. Mimi si mnunuzi." Akafungua dirisha lake mpaka chini. "Nipeleke kwenye saruji. Zungusha hapo, wote wasikie."

"Wakisikia, sina pa kurudi Jumamosi ijayo."

"Na Mkunga asiposikia, atakwenda nalo mlimani."

Nikaingiza gia. Nikalisogeza Buluu polepole mpaka magurudumu yote manne yakapanda saruji. Mkunga alikuwa anarudi, karatasi mkono mmoja, kalamu mdomoni. Nikaanza kukata stelingi.

"Profesa!" Kinyozi akapiga kelele kutoka getini. Alikuwa anacheka. "Profesa, una mgeni! Namwambia gari la baba yake liko gereji mwaka wa sita, hataki! Ananionyesha Buluu!"

Pembeni yake alisimama msichana mwenye begi mgongoni.

Nikakumbuka simu mfukoni. Dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Alikuja mbio, begi likimpigapiga mgongoni. Akafungua mlango wa nyuma akajitupa ndani kama mtu aliyezoea, akapenyeza kichwa katikati ya viti vyetu.

"Shikamoo," akamwambia Kimya.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, hukusikia ujumbe wangu? Mama ameniruhusu mpaka kesho! Nimepanda basi peke yangu. Nimemwambia kuna Jumamosi yenu, na gari letu, akasema haya, nenda." Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. "Ee, kibanio changu!"

Kimya akamwekea kiganjani.

Mkunga akafika dirishani kwangu. Alimtazama binti yangu, akanitazama mimi, kisha akatoa kalamu mdomoni. "Gari letu?" akauliza, tena kwa upole, akidhani hakusikia vizuri.

"Twende basi, Baba," binti yangu akasema. "Tuzunguke."

"Umesikia," Kimya akasema. "Zunguka."

Nikazima injini, ili niseme kwa mdomo wangu badala ya kuziachia tairi. Watu walikuwa wanasogea kuja kusikiliza, maana hawajawahi kuniona nikizima gari bila hotuba. Mkunga nilimdanganya kwamba ni zima. Binti yangu nilimdanganya kwamba ni langu. Na huyu aliyekaa pembeni yangu, aliyenipa gari na safari kabla sijaviiba, nilikuwa bado sijamwomba hata msamaha. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu waniite Profesa sikujua nianze na nani.

"Baba?" akasema binti yangu.